Skauti Anaandika Nini Mrushaji Kijana Anapopigwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazazi, makocha na wachezaji wa besiboli wanaojiuliza skauti (mtafuta vipaji wa klabu), yule mtu mwenye daftari nyuma ya wavu, aliona nini siku kijana alipoondolewa iningi ya tatu. Mazungumzo yanahusu zaidi Marekani, kwenye shule za sekondari na vyuo ambako klabu za ligi kuu (MLB) huchagua wachezaji.

Maneno machache kwanza. Mrushaji husimama kwenye kilima, mita 18.44 kutoka besi ya nyumbani. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya besi hiyo. Mrusho unaopita kwenye eneo la straiki juu ya besi hiyo, au ambao mpigaji anaukosa, ni straiki; unaopita nje ya eneo bila kupigwa ni boli. Straiki tatu humtoa mpigaji (auti), na boli nne humpa besi ya bure. Walinzi ni wenzake mrushaji wanaodaka mpira uliopigwa. Iningi ni awamu ya mchezo, na zamu ya timu kupiga huisha wapigaji wake watatu wakitolewa. Kasi tutaitaja kwa maili kwa saa, maana ndivyo maskauti wanavyoandika: maili 90 ni kilomita 145.

## Mambo ya msingi

Skauti amekuja siku ambayo kijana wangu alipigwa vibaya. Nafasi imepotea?

Mara nyingi hapana. Skauti hakuja kuangalia nani kashinda. Amekuja kukisia mkono huu utakuwaje miaka minne au mitano ijayo, na siku nyepesi haimsaidii sana. Kijana wa sekondari anayerusha maili 92 dhidi ya wapigaji wasiowahi kuona kasi hiyo atawamaliza hata akikosea. Akiwa na wakimbiaji wawili kwenye besi, hana straiki na mwamuzi kabana eneo, ndipo anapoonekana kama anajua kurusha au alikuwa anategemea kasi tu.

Tusidanganyane lakini. Zipo siku mbaya zinazoonyesha kitu kimoja tu: kijana hana mirusho ya kutosha. Mpira ulionyooka, wa maili 86, unaopita katikati utapigwa leo na utapigwa kesho, na tabia nzuri haiongezi maili.

Kwa nini pointi alizofungwa hazipewi uzito?

Kwa sababu nyingi si zake. Viwanja vya shule havilingani, walinzi hawakimbii sawa, na magongo ya chuma yanabeba mpira ambao gongo la mbao lisingeubeba. Mrusho wa ndani unaompata mpigaji kwenye mpini, karibu na mikono, ungevunja gongo la mbao na kuwa mpira laini wa kudakwa. Kwa gongo la chuma unaelea juu ya vichwa vya walinzi na kuangukia majani. Ubaoni ni hiti, yaani pigo lililomfikisha mpigaji besi salama. Kwa skauti ni mrusho mzuri.

Kinyume chake pia hutokea. Mpira uliopigwa kwa nguvu ukaenda moja kwa moja kwenye glavu ya mlinzi huhesabiwa kama mafanikio ya mrushaji, lakini daftarini unaandikwa "kapigwa".

Alama za 20 hadi 80 ni nini?

Ndiyo mizani ya maskauti wengi wa besiboli ya kulipwa. Alama 50 ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu, siyo wa mtoto wa shule. 60 ni zaidi ya wastani. 80 ni nadra mno. Kila aina ya mrusho hupewa alama yake, na uwezo wa kurusha straiki hupewa yake.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba kila kipengele kina alama mbili, ya leo na ya baadaye. Kijana wa miaka 17 anaweza kupata 30 ya leo kwenye straiki na 50 ya baadaye, na hiyo ni sifa. Siku mbaya hugusa zaidi alama ya leo. Ya baadaye husogea pale tu skauti anapoona sababu iliyomo mwilini au kichwani mwa mrushaji.

Anakuja na vifaa gani, na kwa nini anahamahama?

Kifaa cha rada (kile ambacho madereva wa Tanzania wanakiita tochi), stopuwochi, daftari, na siku hizi simu au kamera. Huanza nyuma ya besi ya nyumbani kupima kasi na kuona mpira unavyopinda. Baadaye huhamia ubavuni: mrushaji wa mkono wa kulia hutazamwa kutoka upande wa besi ya tatu, wa kushoto kutoka upande wa besi ya kwanza, kwa sababu huko ndiko kifua kinakoelekea na mkono unaonekana wote.

Akihama katikati ya iningi mbaya, usidhani amechoka. Mara nyingi ameona kitu kwenye mkono au hatua, anataka kukihakikisha.

## Ndani ya iningi mbaya

Mambo yakianza kuharibika, anaangalia nini kwanza?

Kama kasi bado ipo. Mrushaji aliyeanza na maili 91 hadi 93, anayekosa eneo kwa mipira ya 92, ana tatizo la kulenga. Anayekosa eneo kwa mipira ya 88 ana tatizo jingine: kachoka, anaumwa, au anaogopa na ameanza "kuusukuma" mpira ili ufike tu.

Pili, mkao mrefu na mkao mfupi. Besi zikiwa tupu, mrushaji hujipanga kwa utaratibu mrefu. Wakimbiaji wakiwepo hufupisha mwendo wasimwibie besi, yaani wasiikimbilie inayofuata kabla mpira haujapigwa. Vijana wengi hupoteza maili mbili au tatu na dira yote wanapofupisha, kwa sababu mguu wa nyuma haupati muda wa kusukuma. Iningi safi ya watu watatu haikuonyeshi jambo hilo hata kidogo.

Mirusho inayokosa eneo inamwambia nini?

Inamwambia mengi kuliko ile inayoingia, mradi aandike inakosea wapi. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia:

Mipira ikikosea juu na upande wa mkono wake, bega la mbele linafunguka mapema na mkono unachelewa nyuma. Ni kosa la kawaida la uchovu na haraka, na hurekebishika. Ikikosea chini upande wa glavu, mpaka kugonga udongo, anavuta mpira kwa nguvu na kuuachia akiwa amechelewa. Mpira wa kupinda ukibaki juu bila kuanguka, kiganja kimezunguka pembeni ya mpira badala ya kuwa juu yake.

Kukosea mahali pale pale mara tano ni afadhali kuliko kukosea sehemu tano tofauti. Hilo la kwanza lina sababu moja ambayo kocha anaweza kuishika. Hilo la pili maana yake mwendo wenyewe haujirudii, na kila mrusho ni bahati nasibu.

Ukurasa wa daftari wa iningi mbaya unafananaje?

Huu ni mfano wa kubuni, lakini ndivyo unavyosomeka. Mrushaji wa kulia, miaka 17, iningi ya kwanza alirusha maili 90 hadi 92. Sasa ni ya tatu.

Mpigaji wa kwanza: boli nne mfululizo, 91, 91, 90, 91, zote juu upande wa mkono. "Kasi ipo. Bega linafunguka." Besi ya bure.

Wa pili: mkao mfupi, 89 ya chini, mpira wa kuviringika kwa mlinzi wa kati. Ungetoa wawili kwa mpigo, lakini mlinzi kauangusha. "Mrusho mzuri. Hakumgeukia mwenzake." Stopuwochi: sekunde 1.31.

Wa tatu: slaida (mpira wa kupinda wenye kasi) ya 79, straiki safi. Slaida ya pili imebaki juu katikati, imepigwa hadi uzioni. Pointi mbili. "Kiganja pembeni."

Wa nne: mrusho wa kwanza ni slaida tena, 80, chini, straiki. Hapa skauti amepiga mstari. Kisha 92 juu ya eneo, mpira wa kupaa, umedakwa.

Wa tano: 91 ya ndani, imempata mpigaji mikononi, imeelea na kuanguka nyuma ya besi ya pili. Pointi ya tatu. "Kwa mbao ni auti."

Wa sita kakosa mpira wa kubadilisha kasi wa maili 82, straiki tatu. Wa saba kaviringisha, auti. Mirusho 29.

Ubao unasema pointi tatu. Daftari linasema: kasi haikushuka, kosa moja la mwendo linalojirudia, slaida moja mbaya, na kijana aliyeurudia mrusho uliotoka kumuumiza. Mzazi aliyekaa jukwaani ameshika kichwa. Skauti ameshaanza kuuliza lini anarusha tena.

Kipi kibaya zaidi: kutoa besi za bure au kupigwa?

Inategemea kwa nini. Besi za bure za mtu anayeshambulia eneo na kukosea kidogo zinavumilika. Zinazotisha ni za mtu anayekwepa: ana kasi ya kutosha, lakini baada ya kupigwa mara moja anaanza kurusha pembeni tu, akimwomba mwamuzi amsaidie. Maskauti wanalitambua hilo ndani ya wapigaji wawili.

Ile stopuwochi anahesabu nini?

Kuanzia mguu wa mbele unapoanza kusogea mpaka mpira ugonge glavu ya mdakaji. Sekunde 1.3 ni wastani unaokubalika, 1.2 ni haraka, 1.5 ni pole mno. Hesabu ni rahisi: mdakaji mzuri hutumia kama sekunde 2.0 kuudaka na kuufikisha besi ya pili. Ukijumlisha na 1.3 ni 3.3, na hapo mkimbiaji hodari yuko ukingoni. Mrushaji wa 1.5 amemzawadia mkimbiaji besi, hata mdakaji awe nani.

Kinachotazamwa siku mbaya ni uthabiti. Akianza 1.28 kisha akafika 1.55 kwa kuwa akili yote iko kwa mpigaji, amewasahau wakimbiaji. Akishuka hadi 1.10 anakimbiza mwendo, na mipira itaanza kupanda juu (tazama swali la mirusho inayokosa eneo).

Kijana alirusha mpira wa kupinda wakati mbaya. Analaumiwa?

Si lazima. Kwenye timu nyingi za shule na vyuo kocha ndiye anayechagua mrusho kutoka benchi. Skauti mzoefu huangalia kwanza mdakaji anatazama wapi kabla ya kila mrusho. Akitazama benchi kila mara, uamuzi hauandikwi kwa jina la kijana. Kinachoandikwa ni alivyoutekeleza.

## Tabia kwenye kilima

Kweli wanaangalia lugha ya mwili, au ni maneno tu?

Wanaangalia, na wengine wanazidisha. Kijana mwenye uso mkavu si lazima awe jasiri, na anayejipiga paja kwa hasira si lazima awe dhaifu. La maana ni kama hisia inaingia kwenye mrusho unaofuata. Ukipiga kelele kisha ukarusha straiki chini kwenye kona, hakuna anayejali ile kelele.

Yapo mambo matatu yanayoandikwa karibu kila mara: kumnyooshea mikono mlinzi aliyeangusha mpira, kumkodolea macho mwamuzi kila baada ya boli, na kubadilika kwa muda kati ya mirusho. La tatu ndilo lenye taarifa nyingi. Mwenye hofu ama huharakisha, ama huzungukazunguka kilima akisugua mpira. Ligi kuu ilianza kutumia saa ya mrusho mwaka 2023, sekunde 15 besi zikiwa tupu, kwa hiyo kuzubaa si mtindo tena; ni kosa lenye adhabu.

Akishaondolewa, skauti anaendelea kumtazama?

Ndiyo. Alivyomkabidhi kocha mpira, alikaa wapi, kama alimsalimia mrushaji aliyekuja kumwokoa. Wengi hufika dakika 45 mapema pia, wamwone akipasha mkono. Mzazi anayepiga kelele naye huonekana, na mara nyingine huandikwa.

## Mwili na mkono

Atajuaje kama ni uchovu au ni maumivu?

Uchovu huja polepole: maili moja iningi ya nne, nyingine ya tano, hatua inafupika, mipira inapanda. Maumivu mara nyingi hukatika ghafla. Kasi inashuka maili tatu au nne ndani ya wapigaji wawili, mkono unashuka kutoka juu ya bega kwenda ubavuni, kijana anatikisa vidole, anashika kiwiko, au anaacha kabisa kurusha mpira wa kupinda.

Kiwiko kinaogopwa zaidi kwa sababu ya ligamenti ya upande wa ndani. Daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kuibadilisha mwaka 1974, na upasuaji huo bado unaitwa kwa jina la mchezaji. Kupona huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kijana anayeficha maumivu kwa kuwa skauti yupo anafanya hesabu mbaya: rada inaonyesha, na klabu huomba vipimo vya afya kabla ya kulipa.

Mirusho mingapi ni mingi?

Mwongozo wa Pitch Smart, wa MLB na USA Baseball, unaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku kwa miaka 15 na 16, na 105 kwa miaka 17 na 18. Mirusho hadi 30 haihitaji siku ya kupumzika. 31 hadi 45 ni siku moja. 46 hadi 60 ni siku mbili. Zaidi ya hapo ni siku tatu au nne.

Jumla peke yake haitoshi. Mirusho 90 kwenye iningi sita tulivu haichoshi mkono kama 70 kwenye tatu, moja ikiwa na mirusho 38 bila kupumzika. Iningi ndefu ndiyo inayoharibu mwendo. Skauti hupima mrusho wa 35 wa iningi ile kwa jicho jingine.

## Baada ya mechi

Siku moja mbaya inaweza kumfuta kabisa?

Kwa skauti wa eneo (anayefuatilia wachezaji wa sehemu moja ya nchi), kwa kawaida hapana. Yeye amemwona mara kadhaa, amemfahamu kocha, ameongea na familia. Hatari iko ngazi ya juu. Klabu hutuma skauti mwandamizi anayezunguka nchi nzima kulinganisha wachezaji, na huyo anaweza kumwona kijana mara moja tu. Ikiangukia siku mbaya, ripoti mbili za klabu moja zinagongana, na skauti wa eneo atalazimika kumtetea kwa ushahidi: video, kasi za nyuma, namba za mzunguko wa mpira. Wakati mwingine hushindwa. Uchaguzi wa wachezaji hufanyika Julai na una raundi 20 tu, kwa hiyo hata shaka ndogo inaweza kumshusha kijana.

Vifaa vya kupimia havijamaliza kazi ya skauti?

Vimeipunguza. TrackMan na Rapsodo hupima kasi, mzunguko na mpindo vizuri kuliko jicho lolote. Siku mbaya vinasaidia sana: vikionyesha slaida ilizunguka na kupinda kama kawaida, basi ilikosea mahali tu. Havionyeshi kwamba mlinzi aliangusha mpira na kijana akaurudisha kilimani bila kumtazama vibaya.

Wapo waliokuwa na siku mbaya nyingi wakafanikiwa?

Sandy Koufax alishinda mechi 36 na kupoteza 40 katika misimu yake sita ya kwanza na klabu ya Dodgers, 1955 hadi 1960, akitoa besi za bure kwa wingi. Misimu sita iliyofuata alishinda 129 na kupoteza 47. Randy Johnson aliongoza American League (moja ya ligi mbili za MLB) kwa kutoa besi za bure miaka mitatu mfululizo, 1990 hadi 1992, kisha akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mara tano. Wote walikuwa na mkono usiopatikana kirahisi, ndiyo maana walingojewa. Mwenye mkono wa kawaida hangojewi hivyo, na hapo mifano hii huwapotosha wazazi.

Na yule anayepoteza dira ghafla, hata mpira wa karibu haufiki?

Hilo ni jambo tofauti na siku mbaya. Oktoba 2000, Rick Ankiel wa St. Louis Cardinals, akiwa na miaka 21, alirusha mipira mitano iliyopotea hata mdakaji asiweze kuizuia, ndani ya iningi moja ya mechi ya mtoano dhidi ya Atlanta Braves. Kipaji kilikuwepo, mkono ulikuwepo, na bado urushaji haukurudi sawasawa. Alirejea ligi kuu mwaka 2007 kama mlinzi wa nje. Skauti akiona kijana anakosa hata kumrushia mlinzi wa besi ya kwanza aliye hatua chache, huandika kwa tahadhari na kurudi kumwona mara kadhaa.

Baridi na hali ya kilima vinahesabiwa?

Vinahesabiwa. Machi kaskazini mwa Marekani mpira huwa mkavu na unateleza, vidole vinakufa ganzi, na mpira wa kupinda ndio huharibika kwanza. Kilima chenye shimo pale mguu wa mbele unapotua hufupisha hatua. Skauti huandika nyuzi joto juu ya ukurasa kabla hata ya jina la timu pinzani.

## Kwa walio mbali na Marekani

Vijana wa Afrika Mashariki wanapimwa vivyo hivyo?

Mizani ni ile ile, ila taarifa ni chache, hivyo kila mrusho una uzito zaidi. Uganda ndiyo imefika mbali: timu ya Lugazi ilicheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, mwaka 2012, Dodgers wakamsajili mrushaji Ben Serunkuma mwaka 2022, na mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamsajili David Matoma, naye mrushaji. Kijana aliyeanza mchezo akiwa mkubwa husamehewa mwendo usiokomaa. Kasi haisamehewi, wala umri uliodanganywa.

Nitume video ya siku nzuri tu?

Tuma iningi nzima bila kukata, ikiwemo yenye wakimbiaji kwenye besi. Video ya straiki kumi zilizounganishwa haimwambii skauti lolote, maana kila mtu anazo. Piga kutoka nyuma ya mdakaji, kisha kutoka ubavuni upande kifua kinakoelekea. Weka mirusho michache ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde kama simu inaweza, na onyesha kioo cha rada kama ipo. Andika tarehe ya kuzaliwa, urefu, uzito, na idadi ya mirusho ya siku hiyo.

Nimfuate skauti nimweleze kwamba mtoto alikuwa na mafua?

Usimfuate mechi ikiendelea. Akikuuliza mwenyewe, mjibu kwa ufupi: ndiyo, alikuwa na homa tangu Jumanne, anarusha tena Ijumaa, saa kumi jioni, uwanja wa shule.